Mzee Codd, mtoto wa kisiwani aliyetupangia majedwali (na ile M kubwa iliyonitoa jasho Baleni)

Niko Baleni, hapa Mafia, katikati ya minazi. Leo sileti picha ya papa potwe wala malalamiko ya boti ya Nyamisati. Nataka niwasimulie maisha ya mzee mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 2003. Wengi wenu mnamtumia kila siku bila kumjua. Ukiangalia salio, ukikata tiketi kwenye mtandao, ukiandika maoni yako hapa chini ukabonyeza kutuma, mara nyingi sana nyuma ya pazia kuna majedwali yaliyopangwa kwa fikra za huyu mzee. Jina lake Edgar Frank Codd, rafiki zake walimwita Ted.

Mimi sikumfahamu kwa hiari. Nilimfahamu kwa aibu.

Hapa kijijini kuna kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi ni akina mama, na wazee wachache, watu wa nazi na samaki. Daftari lao lilikuwa limechakaa mpaka kurasa zinatoka, basi wakaniomba mimi, kwa vile ndo kijana "wa kompyuta", niwatengenezee programu. Nikaitengeneza kwenye laptop yangu yenye Windows, kwa PHP na MySQL. Jedwali moja la wanachama, jingine la michango. Ikatembea miezi minane bila matata. Baadaye tukakodi nafasi kwenye seva huko nje, ya Linux, ili mweka hazina akiwa Dar naye aweze kuona. Nikahamisha kila kitu usiku mmoja, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi yake.

Wiki tatu baadaye akaja bibi mmoja, mwanachama wa tangu siku ya kwanza. Alikuwa ametoka Juani kumuangalia binti yake aliyejifungua, hakuwa amechangia wiki zile tatu. Nikampa shikamoo, akaketi, akaomba kuona akiba yake. Nikaandika namba yake. Kompyuta ikaonyesha sifuri.

Jamani. Hakupiga kelele. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akasema atarudi Ijumaa. Ile jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba pesa za kikundi zimeliwa na kwamba mlaji ni mimi. Nilipopita kijiweni mazungumzo yakakatika. Mama yangu hakuniuliza kitu, na hiyo ndo iliniuma zaidi.

Nitarudi kwa bibi. Kwanza tumuone Codd, maana usiku ule nilipokuwa nahangaika kutafuta kosa ndipo nilipokutana na jina lake, na nikajikuta nasoma habari zake mpaka bando likaisha.

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1923 kisiwani Portland, kusini mwa Uingereza. Naam, mtu wa kisiwani kama sisi, ingawa kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita sita kwa urefu, na kimeungana na bara kwa ufukwe mrefu wa kokoto. Mafia yetu ni karibu kilomita hamsini. Portland inajulikana kwa mawe yake meupe, ndiyo yaliyojenga kanisa kuu la St Paul's pale London. Na wana mwiko wao wa ajabu: kuna mnyama mmoja mwenye masikio marefu ambaye wazee wa kule hawamtaji jina, wanasema analeta nuksi machimboni. Nikacheka, maana na hapa kwetu kuna vitu ukivitaja usiku kwa jina lake bibi yako anakukata jicho.

Yeye alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa na kazi ya ngozi, mama yake mwalimu. Akasoma Poole Grammar School, akapata ufadhili wa kwenda Oxford, chuo cha Exeter, akaanza na kemia. Vita ya pili ikamkuta humo. Mwaka 1942 akajitolea jeshi la anga la Uingereza, akawa rubani wa zile ndege kubwa zinazotua majini, za doria ya baharini. Sehemu ya mafunzo aliyapata Marekani, na nadhani huko ndiko alikoanza kuipenda ile nchi, na kupenda kuruka pia, maana aliendelea kurusha ndege kwa starehe zake miaka mingi. Baada ya vita akarudi Oxford, akaacha kemia akachukua hisabati, akamaliza 1948.

Halafu akapanda meli... sina hakika kama ni meli, basi tuseme akahamia New York. Na unajua kazi yake ya kwanza ilikuwa nini? Kuuza nguo za michezo za wanaume kwenye duka kubwa la Macy's! Wale mnaomaliza chuo mkajikuta mnauza vocha, mjue mzee mzima aliyekuja kubadilisha dunia ya kompyuta alianza kwa kukunja fulana. Akafundisha hisabati miezi michache Chuo Kikuu cha Tennessee, kisha mwaka 1949 akaingia IBM kuandika programu za mashine ambayo ilijaza ukumbi mzima.

Mwaka 1953 akafanya jambo ambalo kwangu linamwonyesha ni mtu wa namna gani. Ndo enzi za Seneta Joseph McCarthy, watu wanaitwa wakomunisti hovyo hovyo na kupoteza kazi. Codd alikasirishwa kuona Marekani imekaa kimya inamwacha yule bwana afanye atakavyo. Akafungasha, akaenda zake Ottawa, Kanada. Aliacha kazi nzuri kwa sababu ya msimamo tu. Akakaa huko mpaka 1957, alipokutana kwa bahati na bosi wake wa zamani wa IBM, akashawishiwa kurudi. Sasa mtu kama huyu ukimwambia abadili rai yake kwa vile kampuni haijaipenda, unapoteza muda, na IBM walikuja kuligundua hilo baadaye.

IBM wakamlipia kurudi shule akiwa mtu mzima. Akapata udaktari Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 41 au 42 hivi. Utafiti wake ulihusu mashine za kufikirika zinazoweza kujizalisha zenyewe, hapo sitajifanya naelewa. Mwaka 1968 akahamia San Jose, California, kwenye maabara ya IBM, na hapo ndipo mambo yakaanza.

Wadau, ili muelewe alichofanya lazima mjue hali ilivyokuwa. Siku zile kompyuta kubwa zilihifadhi habari kama mti: kitu juu, vitu chini yake, na vingine chini ya hivyo. IBM walikuwa na bidhaa yao, IMS, iliyozaliwa kwenye mradi wa kupeleka watu mwezini kwa ajili ya kuorodhesha vipuri vya roketi. Kulikuwa na namna nyingine pia, ya mtandao wa viungo, iliyosukumwa na Charles Bachman. Zote mbili zilikuwa na ugonjwa mmoja. Mwandishi wa programu ilibidi ajue njia.

Fikiria unamwelekeza mgeni nyumba ya fundi cherehani hapa Baleni. Unamwambia shuka kwenye mwembe, pinda kushoto, pita kisima, nyumba ya tatu. Mgeni anafika. Mwakani mwembe unakatwa, kisima kinafukiwa, na kila mgeni uliyempa maelekezo yale anapotea. Nyumba haijahama wala fundi hajafa. Programu za enzi zile ndivyo zilivyokuwa, ukibadilisha mpangilio wa ndani kidogo tu, programu zote zinazoutegemea zinakufa.

Codd akasema hapana. Mtu aseme anachokitaka, njia aitafute mashine. Na ili hilo liwezekane, habari zote zikae kwenye majedwali ya kawaida, mistari na safu, zikiunganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake tu. Jedwali la wanachama lina namba ya mwanachama, la michango nalo lina namba ile ile, basi yamejuana. Hakuna kamba iliyofichwa. Mistari haina mwenye kutangulia, na hakuna mistari miwili pacha, kwa sababu yeye aliliona jedwali kama seti ya kihisabati. Hivyo ndivyo mtu wa hisabati anavyofikiri, akaleta nadharia ya seti kwenye ghala la vipuri.

Aliandika ripoti ya ndani mwaka 1969, na Juni 1970 makala ikatoka kwenye jarida la Communications of the ACM. Kurasa kumi na moja tu! Hoja yake ya kwanza kabisa mle ndani ni kwamba mtumiaji alindwe asilazimike kujua habari zimepangwaje ndani ya mashine. Hiyo hoja ishikeni, tutaihitaji tukirudi kwa bibi.

Ungetegemea IBM wamvishe shada. Wapi. IMS ilikuwa inaingiza pesa nzuri, nani anataka kuua ng'ombe anayekamwa? Codd akaendelea kuzungumza, kuandika, kubishana. Mwaka 1974 akakaa mdahalo na Bachman mbele ya wataalamu, kila mmoja na wafuasi wake, kama Simba na Yanga. Hatimaye IBM wakaanzisha mradi wa majaribio hapo hapo San Jose ulioitwa System R. Lakini lugha ya kuyauliza maswali majedwali hawakuchukua ya kwake. Vijana wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatunga yao, SEQUEL, mwaka 1974. Boyce akafariki mwaka huo huo kwa maradhi ya ubongo, angali kijana. Jina SEQUEL baadaye likaonekana lina mwenyewe, kampuni ya ndege ya Uingereza, wakalikata likabaki SQL.

Wakati IBM wanajivuta, wengine walikuwa wanasoma makala zao bure. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kina Michael Stonebraker na Eugene Wong wakajenga Ingres. Larry Ellison na wenzake wakafungua kampuni mwaka 1977, na 1979 wakauza Oracle kabla IBM hawajauza chochote cha namna hiyo. IBM walitoa SQL/DS mwaka 1981 na DB2 mwaka 1983. Yaani mwenye shamba alikuja sokoni wanunuzi wameshajaza vikapu. Codd mwenyewe alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981, ambayo kwenye kompyuta hakuna kubwa kuipita.

Sasa hapa ndipo pananigusa. Yeye hakuridhika na SQL. Aliona wameichukua fikra yake nusu. Mwaka 1985, akiwa ameshatoka IBM, aliandika makala kwenye gazeti la Computerworld akiweka masharti kumi na mawili ambayo bidhaa lazima iyatimize ndo iruhusiwe kujiita ya kimajedwali (ukihesabu yanakuwa kumi na matatu, alianza na sifuri, si unajua watu wa kompyuta). Makampuni yalikuwa yanabandika jina lile kwenye kila kitu ili kiuzike, na mzee akasema basi, tupimane. Mwaka 1990 akatoa kitabu kizima, na humo akazitaja kasoro za SQL bila kupepesa, mojawapo ikiwa kuruhusu mistari pacha.

Masharti mawili kati ya yale yalikuwa yananihusu mimi binafsi. Sharti la tatu linasema thamani isiyokuwepo iwe na alama yake, isichanganywe na sifuri wala nafasi tupu. La nane linasema programu isiguswe na namna habari zinavyokaa kwenye diski.

Rudi sasa Baleni, usiku wa Jumatano, mimi na modemu.

Niliingia kwenye seva nikaandika SHOW TABLES. Kioo kikanionyesha wanachama. Kikanionyesha michango. Chini yake kikanionyesha Michango. Mawili! Moja m ndogo, jingine M kubwa. Nikayasugua macho. Nikahesabu mistari: lenye m ndogo lina miezi minane yote, lenye M kubwa lina wiki tatu.

Kumbe ni hivi. MySQL kila jedwali inalitunza kama faili. Kwenye Windows mfumo wa mafaili haujali herufi kubwa na ndogo, na MySQL ya kule ikishusha kila jina la jedwali kuwa herufi ndogo. Mimi kwenye programu niliandika Michango, kwa madaha tu, M kubwa inapendeza. Ndani likakaa michango. Kila nikiliita Michango, laptop ikaitika. Nilipohamia Linux, kule faili la Michango na la michango ni vitu viwili tofauti kabisa, na MySQL nayo ikafuata. Ile seva ikaniambia jedwali la Michango halipo. Na mimi, saa saba za usiku, macho mekundu, sikujiuliza kwa nini halipo. Nikaliumba! CREATE TABLE Michango, ndani tupu, kosa likapotea, nikalala. Michango ya miezi minane ikabaki kwenye jedwali la pembeni ambalo programu hailiiti tena.

Na ile sifuri ya bibi? Huwezi amini. Hakuwa amechangia wiki zile tatu, kwa hiyo kwenye jedwali jipya hakuwa na mstari hata mmoja. Ukiiambia SQL ijumlishe mistari ambayo haipo, haikupi sifuri, inakupa NULL, yaani haijulikani, hakuna cha kujumlisha. Hapo mashine ilikuwa mkweli. Programu yangu ndiyo iliyochukua ile "haijulikani" ikaiandika 0 kwa herufi nene. Lile sharti la tatu la Codd, la mwaka 1985, mimi nililivunja mbele ya uso wa bibi wa watu.

Na la nane lilivunjwa na wenye MySQL wenyewe. Hebu fikirieni: jina la jedwali, kitu ambacho mtumiaji anakiandika kwa mkono, linabadilika tabia kutegemea diski ni ya Windows au ya Linux. Kwenye Mac nako kuna tabia ya tatu. Huo ndo mwembe uliokatwa! Ajabu zaidi, majina ya safu ndani ya jedwali MySQL haiyajali herufi, popote ulipo. Majedwali tu. Kuna swichi ya kurekebisha, inaitwa lower_case_table_names, lakini kuanzia toleo la 8 lazima uiweke siku unayosimika seva, ukichelewa basi tena.

Msidhani nasema MySQL tu ndo mbaya. Baadaye nilijaribu PostgreSQL, ambayo ni mjukuu wa ile Ingres ya Berkeley. Yenyewe haitazami diski, lakini ina lake. Ukiandika jina bila alama za kunukuu, inalishusha lote kuwa herufi ndogo, kwa hiyo Michango, MICHANGO na michango ni kitu kimoja. Safi sana. Ila siku ukiliweka ndani ya alama za kunukuu, "Michango", basi inalihifadhi vile vile na ile M yake, na kuanzia hapo ukiliita bila alama inakujibu kwamba michango haipo. Uliliumba kwa alama, utaliita kwa alama mpaka kaburini. Vijana wengi wanaingia mtegoni kwa sababu kuna programu za kubonyezabonyeza zinazoweka zile alama zenyewe, kimyakimya.

Kanuni rasmi ya SQL ya mwaka 1992 inasema kinyume cha Postgres: jina lisilo na alama lipandishwe liwe herufi kubwa zote. Oracle na DB2 wanafuata hivyo. Ni mabaki ya enzi za mashine nyingi kutokuwa na herufi ndogo kabisa. Kwa hiyo "michango" ndani ya alama ukiwa Oracle si sawa na michango isiyo na alama, kwa vile hiyo ya pili imeshageuzwa MICHANGO. MySQL kwa kawaida hawatumii alama mbili juu, wanatumia kile kimkia cha nyuma kilichoko pembeni ya namba 1 kwenye kibodi. SQL Server wanapenda mabano ya mraba, na kujali herufi au kutojali kunategemea mpangilio uliochaguliwa wakati wa kusimika. SQLite, iliyomo ndani ya simu yako ya Android, haijali herufi hata ndani ya alama. Kila nyumba na desturi yake, na wote wanasema wanazungumza lugha moja!

Codd hakuitunga sheria hiyo ya herufi wala ya alama, tumtendee haki. Kwake jina lilikuwa jina. Haya yaliingizwa na kamati na makampuni, kila mmoja akivuta upande wake, na yeye alibaki pembeni akilalamika mpaka alipochoka mwili.

Basi usiku ule nikaanza kuunganisha. Kujaribu kumimina jedwali moja ndani ya jingine kukagoma, kwa sababu yote mawili yalikuwa na namba za mistari zinazoanzia 1, zikagongana. Nikaitoa ile safu ya namba, nikataja safu moja moja: INSERT INTO michango (mwanachama, tarehe, kiasi) SELECT mwanachama, tarehe, kiasi FROM Michango. Ikapita. Nikapitia programu nzima, kila palipo na M kubwa nikashusha. Na pale palipoandikwa sifuri, nikaweka sharti: kama jibu ni NULL, iandike kwamba hakuna kumbukumbu, muone mwekahazina. Alhamisi nikaenda kwa mwenyekiti kuomba daftari la zamani. Bahati yetu, mwenyekiti ni mtu wa kizamani, hakuiamini kompyuta tangu mwanzo, alikuwa anaendelea kuandika kwa kalamu. Tulikaa naye barazani toka baada ya alasiri hadi taa zikawashwa, yeye anasoma, mimi natiki. Tofauti ilikuwa moja tu, mchango ulioandikwa mara mbili kwenye daftari, na alikasirika kwelikweli kukubali.

Ijumaa bibi akarudi, baada ya swala. Watu wengine nao walikuja, eti wamepita tu. Nikampa karatasi iliyochapwa: michango 33, tarehe zote. Hajui kusoma sana, akampa mjukuu wake asome kwa sauti moja moja, na kila tarehe yeye anatikisa kichwa. Ilichukua muda mrefu, hakuna aliyeondoka. Aliporidhika akaikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nikasimama nikaomba radhi mbele ya wote, nikaeleza kwamba kosa ni langu. Ya M kubwa na m ndogo sikufika nayo mbali, mzee mmoja akauliza kama na jina lake likiandikwa kwa herufi ndogo naye atakuwa mtu mwingine. Watu wakacheka, hewa ikarudi.

Codd aliacha kazi IBM mwaka 1984, baada ya kuanguka na kuumia. Akafanya ushauri pamoja na Chris Date, Mwingereza mwenzake, aliyekuwa mwenezi wake mkubwa. Mwaka 1993 alikuwa bado anatunga istilahi mpya za kuchambua data, ingawa ile ya mwisho ilileta maneno kwa vile kuna kampuni iliyokuwa nyuma yake. Alifariki tarehe 18 Aprili 2003 nyumbani kwake Williams Island, Florida, moyo ulisimama, ana miaka 79. Kazaliwa kisiwani, kafia mahali panapoitwa kisiwa. Mwaka uliofuata wataalamu wa hifadhidata wa ACM wakaipa tuzo yao ya ubunifu jina lake.

Lile jedwali lenye M kubwa sijalifuta. Nimelibadili jina tu, linaitwa michango_makosa, herufi ndogo zote.

Haya wadau, aliyewahi kukwama kwenye majina ya majedwali aandike hapo chini, na ataje anatumia nini, MySQL au Postgres, Windows au Linux. Bila kutaja hivyo hatuwezi kukusaidia.